Jinsi ya kumsindikiza mzazi kununua gari Marekani

Vijana tuliokulia Marekani katika nyumba zinazozungumza Kiswahili huwa wakalimani wa wazazi wetu hospitalini, shuleni na, siku ikifika, kwa muuza magari. Kwa baba aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi, gari ni ushahidi kwamba safari haikuwa bure, na picha yake hufika Kigoma na Uvira siku hiyohiyo. Usiibeze furaha hiyo. Mwanahistoria James Truslow Adams, aliyelieneza jina la ndoto ya Marekani mwaka 1931, alieleza kwamba si ndoto ya magari na mishahara mikubwa tu. Sisi watoto tunaiona hivyo pia, kwa sababu tumeyaona madeni yanavyomnyima mzazi usingizi.

Anzeni nyumbani. Pigeni hesabu ya kodi ya nyumba, bima, mafuta, fedha mnazotuma kwa ndugu na deni la nauli ya ndege ambalo familia nyingi za wakimbizi zimefika nalo, ndipo mkubaliane bei ya juu kabisa. Kisha nendeni kwenye chama cha akiba na mikopo, kinachofanana na SACCOS, mkaulize mtakopeshwa kwa riba gani, ili mkopo wa muuzaji usiwe tegemeo lenu pekee.

Muuzaji akiuliza mnaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, mtafsirie mzee swali, kisha umwombe asilijibu. Hapo ndipo wengi wetu tumeumia. Gari la dola 18,000 likikopwa lote kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kwa miezi 72, hulipiwa takribani dola 410 kwa mwezi, kiasi ambacho watu wawili wanaofanya kazi ghalani huona wanakimudu, lakini jumla yake hupita dola 29,500. Sheria ya mwaka 1968 inamlazimu mkopeshaji aandike riba ya mwaka, gharama ya mkopo na jumla ya malipo yote. Tafuta visanduku hivyo kwenye mkataba, weka kidole juu ya jumla, uisome kwa Kiswahili, taratibu, kabla mzee hajashika kalamu. Baba yangu aliposomewa yake alikaa kimya, kisha akauliza kama hesabu ile ilikuwa ya gari moja au mawili.

Gari likiwa limetumika, soma karatasi iliyobandikwa dirishani, inayosema kama lina dhamana au linauzwa jinsi lilivyo. Wala msidanganyike na maneno ya mtaani kwamba mna siku tatu za kulirudisha. Sheria ya taifa haitoi haki hiyo kwa gari lililonunuliwa kwenye yadi ya muuzaji.

Jumla ikiwazidi, sema, "Baba, naomba tuahirishe," mshukuru muuzaji, mwondoke. Sisi tuliondoka, na baba akaendelea kupanda gari la mwenzake wa zamu, wakichangiana mafuta, hadi tulipopata la dola 6,000 tukalilipia taslimu.