Stata inazunguka, gari haliwaki: kupima relei ya pampu ya mafuta kwenye magari ya zamani

Dalili yenyewe iko hivi. Gari limetoka Buhongwa hadi Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, bila shida. Limeegeshwa juani saa saba mchana, vioo vimepandishwa. Baada ya dakika 40 mwenyewe anarudi na gunia lake la dagaa, anapiga stata: inazunguka kwa nguvu, taa za dashibodi ziko sawa, injini haishiki. Milango ikikaa wazi robo saa, upepo wa ziwa ukapita ndani, gari linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Hapo ndipo hubadilishwa plagi, kisha koili ya plagi, kisha pampu yenyewe. Kwa Honda za miaka ya 1990, zikiwemo CR-V za mwanzo, na kwa Toyota za petroli za umri huo, relei ya pampu, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu ya mafuta, ingepaswa kupimwa kabla ya vyote hivyo.

Na kupima si kusikiliza. Relei kulia "tak" hakuthibitishi kwamba ni nzima. Ndani yake kuna njia mbili za umeme zisizogusana. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili ya relei, ile sumaku inayovuta ncha za ndani zigusane, inakula umeme kidogo, kama ampia 0.15. Miguu ya 30 na 87 ndiyo inayobeba mzigo, ampia 4 hadi 7 kwa pampu nyingi. Ule mlio unakwambia koili imevuta, basi. Kama ncha za ndani zimeungua, relei italia vizuri na pampu haitapata kitu.

Vifaa

Multimita ya kidijitali. Balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili. Balbu ya taa kubwa aina ya H4, hata kama upande mmoja umeungua. Waya wa jumpa wa milimita za mraba 2.5 wenye fyuzi ya ampia 15 katikati. Usiiache fyuzi hiyo kwa sababu ya haraka.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni huu

Stata isipozunguka kabisa, achana na relei ya pampu. Nenda kwenye betri, vichwa vya betri na stata yenyewe. Kwenye Toyota nyingi za zamani, "tak" moja nzito bila kuzunguka ni shaba za ndani ya solenoidi ya stata zimelika.

Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka zaidi ya hapo, malizana na betri kwanza, maana vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Hatua ya 2: Isikilize pampu, ukijua gari lako

Honda ukiwasha swichi bila kupiga stata, pampu hunguruma sekunde 2 kisha hunyamaza. Fungua kifuniko cha tangi, mtu mmoja asikilize.

Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo. Pampu hupewa umeme wakati stata inazunguka, halafu kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikiona injini inageuka ndiyo inaendelea kuishikilia. Kimya cha Toyota kwenye swichi kisikufanye umwage tangi na kutoa pampu nzima.

Njia ya Toyota ni hii. Chini ya boneti tafuta kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya herufi. Unganisha +B (umeme wa betri) na FP (waya wa pampu) kwa jumpa, kisha washa swichi. Kama tundu la FP lina chuma ndani, pampu inapaswa kulia na mpira wa mafuta kukaza ukiushika. Ikilia hapo lakini hailii wakati wa kupiga stata, pampu ni nzima na kosa liko kwenye relei au amri inayoifikia.

Kuna dalili ya Toyota ambayo karibu inajieleza yenyewe: gari linawaka ukiwa bado umeshika funguo kwenye stata, ukiachia tu linazima. Relei yake ina koili mbili, moja ya STA (hupata umeme wakati wa stata) na nyingine ya FC (hushikiliwa na kontroli boksi). Ya STA inafanya kazi. Ya FC, au waya wake kutoka kontroli boksi, haifanyi.

Hatua ya 3: Pima gari likiwa limegoma

Gari likishawaka, ushahidi umepotea. Liegeshe juani kwa makusudi, subiri ligome, ndipo ushike mita.

Honda huficha relei hii chini ya dashibodi. Ni kiboksi chenye miguu saba, ndani mna relei mbili. Toyota hubadilisha mahali kwa modeli, na kwenye michoro yake +B ndiyo kama 30, FP ndiyo kama 87. Namba ninazotumia hapa ni za relei ya kawaida ya miguu minne. Chomoa relei, kisha angalia tundu la soketi:

1. Tundu la 30 na athi (hasi) ya bodi, swichi ikiwa imewashwa: weka balbu ya wati 21, si mita peke yake. Waya uliobaki na uzi mmoja utasoma volti 12 kwenye mita, lakini balbu itafifia.
2. Tundu la 86 na 85, mwenzako akipiga stata: mita isome karibu sawa na volti za betri kwa wakati huo. Hapa usiweke balbu, njia ya kontroli boksi haikutengenezwa kubeba mzigo huo.
3. Jumpa yenye fyuzi kutoka 30 kwenda 87: pampu ilie. Isipolia, fuata waya hadi kwenye tangi, pamoja na athi ya pampu.

Hiyo jumpa ikikosea tundu ukaiweka kwenye 85, unapeleka umeme mzima kwenye kontroli boksi, nayo ikitoa amri inaungua. Soma namba mara mbili.

Hatua ya 4: Pima volti zinazopotea

Rudisha relei, nyaya za mita ziguse 30 na 87 kwa nyuma ya soketi, pampu ikiwa inafanya kazi. Chini ya volti 0.2 ni sawa. Ikifika 0.5, ncha zimeungua. Fikiria volti 1 ikipotea kwenye ampia 5: hizo ni wati 5 za joto ndani ya kiplastiki kidogo. Ndiyo maana soketi nyingine unazikuta zimeyeyuka na kuwa kahawia.

Hatua ya 5: Mezani

Koili ya relei ya volti 12 kwa kawaida husoma omu 60 hadi 120. Iweke juani nyuma ya kioo au ipulizie draya ya nywele dakika 10, upime tena. Shaba ikipata joto omu hupanda kidogo: koili ya omu 80 ikipanda nyuzi 50 itasoma kama 96. Hilo ni la kawaida. Ikiruka na kuonyesha OL (njia imekatika), kuna mpasuko.

Kisha ipe 85 na 86 umeme wa betri, na upitishe balbu ya H4 kwenye 30 na 87. H4 inakula karibu ampia 5, mzigo unaokaribiana na pampu. Mwanga uwe thabiti hata ukiigonga relei kwa mpini wa bisibisi.

Hatua ya 6: Kulehemu upya

Kwa Honda ugonjwa mara nyingi ni risasi ya kulehemu iliyopasuka kuzunguka miguu kwenye bodi ya ndani. Fungua kifuniko taratibu, angalia kwa lenzi: utaona duara jembamba jeusi kama pete. Tumia pasi ya kulehemu ya wati 40 na risasi ya 60/40. Nyonya risasi ya zamani kwanza; kuongeza mpya juu ya mpasuko ni kununua miezi michache. Ncha zikiwa nyeusi na zenye mashimo, usizipige msasa. Nunua relei.

Usisahau soketi. Meno yaliyopanuka yabane kwa sindano mpaka mguu wa relei uingie kwa kukaza.

Maswali ya wanachama (jina la mbele ni la mahali anakotoka muulizaji)

Igoma: Mwangaluka fundi. Corolla 110 yangu asubuhi napiga stata muda mrefu, ya pili inashika. Mchana haina shida. Ninunue relei?

Jibu: Mwangaluka. Usinunue bado. Hiyo inafanana na presha ya mafuta inayoshuka usiku, kwa sababu ya vali ya ndani ya pampu, regyuleta au injekta inayovuja. Asubuhi kabla ya kuwasha, unganisha +B na FP sekunde 5 swichi ikiwa imewashwa, ondoa, piga stata. Ikishika mara moja, relei haina kosa.

Nyakato: Mkuu, kuna fundi amenipigia waya wa pampu moja kwa moja kwenye swichi, gari halijagoma tena. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, mkuu, na ni mkubwa. Injini ikizima kwenye ajali, kontroli boksi huacha kuishikilia relei na pampu husimama. Kwako wewe pampu itaendelea kusukuma petroli mpaka mtu azime swichi, na kama mpira umekatika ni moto. Waya huo ni wa kufikia gereji, si wa kutembelea.

Mabatini: Nimepata relei mtumba Mlango Mmoja, ina miguu mitano, ya gari ni minne. Inaingia.

Jibu: Kuingia si hoja. Soma mchoro ubavuni. Mguu wa katikati ukiwa 87a (unaoungana na 30 relei ikiwa imepumzika) na soketi haina waya hapo, sawa. Lakini kuna mipangilio ambayo 30 na 86 zimebadilishana nafasi, nazo kwa macho zinafanana kabisa. Angalia pia isiwe ya volti 24 ya lori: koili yake husoma kama omu 300, na kwenye volti 12 haivuti ipasavyo.

Nyegezi: Fundi shikamoo. Mimi nina Hiace ya dizeli, injini ya 3L. Taa ya hita inazima vizuri lakini asubuhi inasumbua na kutoa moshi mweupe.

Jibu: Marahaba. Taa hiyo ni ya muda tu, haipimi kama plagi zimepata moto. Pima volti kwenye ukanda wa chuma unaounganisha plagi za hita (zinazopasha injini ya dizeli kabla ya kuwaka), swichi ikiwa imewashwa. Hakuna volti: relei ya hita, au fyuzi yake kubwa. Volti zipo: fungua ukanda, pima plagi moja moja hadi kwenye injini. Nzima husoma chini ya omu 2, iliyokufa husoma OL. Kabla ya kujaribu plagi kwa betri soma maandishi yake. Zipo za volti 6, na hiyo ukiipa 12 itakatika.

Igombe: Gari langu la Honda liligoma baada ya kuoshewa ziwani. Ni relei hiyo hiyo?

Jibu: Dada, maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya Dar, lakini yakiingia kwenye boksi la fyuzi yanatosha kuleta kijani kwenye meno. Ondoa kichwa cha hasi cha betri, chomoa fyuzi na relei, kausha kwa draya, sugua miguu kwa ufutio wa penseli, kisha rudia Hatua ya 3. Ulipokanyagia miguu napo paguse: kapeti likiwa limelowa, maji yalifika ndani, na soketi za chini ya dashibodi zikaguliwe pia.