Kubadili kivinjari kwenye laptop kuukuu ya dukani

Steshenari yangu ina laptop moja ya wateja, kumbukumbu (RAM) GB 2, niliyoiwekea mfumo wa Linux. Ukifungua kurasa nne inaganda, feni ikivuma kama jenereta ya jirani. Kabla sijavunja kibubu ninunue nyingine, nilijaribu kubadili kivinjari.

Cha kwanza uliza injini, yaani sehemu inayogeuza msimbo wa ukurasa kuwa kile unachokiona, maana jina na nembo ni nguo tu. Vivaldi, cha Jon von Tetzchner yuleyule mmoja wa waanzilishi wa Opera, kinaendeshwa na Chromium, msingi uleule wa Chrome. Falkon, zamani QupZilla, kimejengwa juu ya QtWebEngine, na ukiifunua hiyo unaikuta Chromium ileile. LibreWolf ni mtoto wa Firefox, injini yake Gecko. Pale Moon kina Goanna, iliyochipuka kutoka Gecko. Dillo ni chepesi ajabu lakini hakijui JavaScript, lugha inayofanya vitufe na fomu za kurasa zifanye kazi: kusoma makala sawa, kujaza fomu za siku hizi sahau.

Halafu tazama tarehe ya toleo la mwisho. Kivinjari kisichosasishwa ni nyumba yenye dirisha bovu. Dillo kilikaa tangu 2015 hadi 2024 bila toleo jipya. Kiwi cha Android, pamoja na mashabiki wake wote, kilisitishwa 2025.

Sasa kipime kwa kazi zako mwenyewe. Hili nililipuuza. Nilimkalisha mteja kwenye kivinjari kimoja chepesi (jina nalihifadhi), akajaza fomu kurasa sita, kufika mwisho kitufe cha kutuma hakibonyezeki. Dada wa watu alinitazama tu. Tangu siku hiyo najaribu mambo matatu kwanza: kuingia kwenye barua pepe, kupakia PDF, kuchapisha.

Kumbukumbu nayo ipime kwa haki. Washa kompyuta upya, fungua kurasa zilezile nne, kisha kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) andika free -h, na kwenye mstari wa Mem usome namba ya mwisho kulia, chini ya available: ndiyo RAM iliyobaki. Rudia kwa kila kivinjari. Usiamini tangazo la mtu.

Mimi nimebaki na Falkon, kizuia matangazo chake nimekiwasha. Firefox sijaiondoa, ipo kwa zile fomu kaidi. Alamisho (bookmarks) nilizihamisha kwa faili la HTML. Nywila sikuhamisha hata moja, kwani kompyuta inayoshikwa na kila mtu haina sababu ya kuzijua.