Mlo mmoja kwa siku: ule mchana, ugali uje mwisho

Wengi wanaokula mara moja kwa siku huuweka mlo huo usiku na kuuanza na ugali. Geuza. Kula saa saba au saa nane mchana, uanze na mboga za majani na maharage, samaki au mayai. Ugali au wali ufuate. Nyuzinyuzi na protini zikitangulia, wanga humeng'enywa polepole na sukari haipandi ghafla, hivyo hata ule usingizi mzito wa baada ya kula huweza kupungua. Pia hulali na tumbo limejaa, jambo linalochochea kiungulia. Chai ya rangi isubiri kama saa moja, maana huzuia madini ya chuma ya maharage na mchicha yasifyonzwe vizuri, na kwa sahani moja tu kwa siku huna chuma cha kupoteza. Mpango huu haumfai mjamzito, anayenyonyesha wala mtoto. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi asijaribu kabla ya kuongea na daktari wake: sukari inaweza kushuka hadi akazimia.