Sura ya majedwali: soma na daftari la dagaa mkononi

Wanachuo wa Kigoma mnaosoma usanifu wa hifadhidata, mkifika sura ya normalaizesheni (kugawa data kwenye majedwali ili taarifa moja isirudiwe ovyo) msikariri mifano ya kitabu. Nenda mwalo wa Kibirizi, muombe mama mmoja anayeuza dagaa na migebuka akuonyeshe daftari lake la mauzo, kisha unakili kurasa mbili tu.

Utaona jina na simu ya mteja vimerudiwa kila aliponunua. Akibadilisha namba, utarekebisha mistari mingapi? Ukisahau mmoja, daftari lina namba mbili za mtu yuleyule. Hilo ndilo tatizo ambalo kanuni za Edgar Codd, mwanasayansi wa kompyuta aliyeandika mwaka 1970 kuhusu modeli ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, zinatibu.

Sasa chora kwa penseli, kompyuta baadaye. Jedwali la wateja, la bidhaa, na la mauzo. Kila mteja mpe namba yake, na kwenye mauzo iandikwe namba hiyo badala ya jina. Mteja akinunua dagaa na migebuka kwa mkupuo mmoja, utahitaji jedwali la nne, la vitu vilivyomo ndani ya kila mauzo. Wengi hukwama hapa, kwa hiyo usipaharakishe.

Na bei? Bei ya leo ikae kwenye bidhaa, lakini bei aliyolipa mteja iandikwe kwenye jedwali la nne. Dagaa hupanda na kushuka. Ukiiacha sehemu moja tu, siku ukibadilisha bei, hesabu za mwezi uliopita zitabadilika nazo.