Kuchagua mfumo wa data wa ofisi: anza na gunia, Power BI baadaye

Watu wa hapa Mwanza wakinitafuta, cha kwanza wanauliza tununue Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti na michoro) au programu nyingine, na mimi nawarudishia swali: Jumatatu asubuhi bosi unaamua nini ambacho sa hivi unakiamua kwa kubahatisha? Wengine wanacheka, wengine wananuna kidogo. Ila hapo ndo pa kuanzia. Chukua karatasi uandike maamuzi matatu tu, sio kumi. Tuseme mnanunua dagaa Mwaloni Kirumba na visiwani, mnapeleka Dar na Congo: wiki hii tununue kilo ngapi, nani tumkopeshe, mzigo upi uende wapi. Namba ambayo haigusi hata kimojawapo kati ya hivyo achana nayo kwanza, hata kama inapendeza kwenye skrini.

Hatua inayofuata watu wanairuka na ndo inayoua mradi. Mwite mhasibu, mtu wa stoo na bosi, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake, bila kuchungulia, mauzo ya mwezi uliopita yalikuwa shilingi ngapi. Nilishafanya hivi sehemu moja zikatoka namba tatu na hakuna aliyekuwa anadanganya. Mhasibu alijumlisha risiti za EFD (zile za mashine ya TRA), mtu wa stoo alihesabu magunia yote yaliyotoka getini yakiwemo ya mkopo, bosi yeye alikuwa anaangalia hela iliyoingia benki na kwenye lipa namba. Ukiwawekea dashibodi (skrini ya namba na michoro) hapo umewanunulia ugomvi wenye rangi. Kubalianeni "mauzo" maana yake nini, muandike sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida mbandike ukutani, na kila namba iwe na mwenyewe, mtu mmoja anayejulikana, ikikosewa anaulizwa yeye sio "watu wa IT".

Halafu data yenyewe. Gunia sio kipimo jamani. Kuna gunia la kawaida, kuna lumbesa, kuna la dagaa wa masika ambao hawajakauka vizuri, yote kwenye daftari yameandikwa "gunia 1". Pimeni kwa mizani, andikeni kilo. Na majina! Huku kwetu r na l zinabadilishana bila aibu, nimewahi kukuta faili moja lina Kirumba, Kilumba, Sengerema na Sengelema, ripoti ikatoa vituo vinne. Dawa yake ndogo tu, kwenye Excel weka orodha ya kubofya, mtu asiandike jina la kituo kwa mkono, na kila mteja apewe namba yake isiyobadilika hata akibadilisha simu.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu fundi wa mfumo ambaye hajawahi kuona ziwa hatakwambia. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, giza likirudi wanaingia tena ziwani. Mifumo mingi ukiifungua inakuletea mchoro wa wiki hii na wiki iliyopita, halafu bosi anaona manunuzi yamelala chini nyekundu tupu anaanza kumfokea afisa manunuzi wakati ni mwezi tu uko juu. Unasema basi nitalinganisha na wiki kama hii mwaka jana? Nayo inakudanganya. Miezi 12 ya mwandamo ni kama siku 354, inapungua siku 11 kwenye mwaka wa kalenda (ndo maana Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka), kwa hiyo wiki iliyokuwa giza mwaka jana mwaka huu inaweza kuwa na mbalamwezi. Ongeza kolamu moja, giza la ngapi (kila kipindi kisicho na mbalamwezi kipe namba yake), ulinganishe giza kwa giza. Hakuna leseni inayokuja na hiyo kolamu, unaitengeneza mwenyewe, na kama biashara yako sio dagaa tafuta mwezi wako ni upi, yaani kitu kinachopandisha na kushusha biashara yako: mavuno, mishahara, ada za shule, chochote kile.

Vifaa sasa, na hapa sikai sana. Shiti moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576, biashara nyingi za hapa hazifiki huko miaka na miaka. Power BI Desktop ni bure ila inataka Windows, na mkianza kushirikishana ripoti kwenye mtandao wa Microsoft kwa njia ya kawaida anayetengeneza na anayeangalia wote wanahitaji leseni ya Pro, ambayo tangu Aprili 2025 ni dola 14 kwa kichwa kwa mwezi, watu 10 ni dola 140, piga hesabu kabla hujasaini. Looker Studio, ya Google, ina toleo la bure ila bila intaneti huna kitu. Metabase, nayo ya ripoti na michoro, ina toleo la bure la kuweka kwenye seva yenu, ila lazima awepo mtu wa kuitunza na umeme ukikatika mjue mnafanyaje.

Mkishika majina na namba za simu za wateja, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, mnatakiwa mjisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Swali la data inakaa wapi na nani ana pasiwedi muulize muuzaji mapema, akijikanyaga ondoka.

Ripoti ya kwanza iwe ukurasa mmoja, itume kwenye grupu la WhatsApp la ofisi kila Jumatatu saa 2 asubuhi, majina ya wateja yasiwemo. Fanya hivyo wiki sita hivi. Halafu Jumatatu moja usiitume makusudi, kaa kimya. Ikifika saa 6 mchana hakuna aliyeuliza iko wapi, leseni usinunue bado, rudi kwenye ile karatasi ya maamuzi matatu.