Pima diski kabla ya kugusa wal_sync_method

Ukitumia PostgreSQL, programu ya hifadhidata, usibadilishe kwa kubahatisha wal_sync_method, mpangilio unaochagua njia ya kusukuma WAL (kumbukumbu ya mabadiliko) hadi diski. Endesha kwanza pg_test_fsync, programu inayopima kasi ya njia hizo na inakuja na PostgreSQL yenyewe, na kwa -f ielekeze kwenye diski ileile inayobeba pg_wal, folda ya WAL. Ukipima diski nyingine, namba zote ni bure.

Tazama mstari wa fdatasync, maana ndiyo njia PostgreSQL hutumia kwenye Linux usipochagua kitu. Diski ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika ni mizunguko 120 tu kwa sekunde, kwa hiyo tarajia uandishi wa kiasi hicho tu kwa sekunde. Ikikuonyesha 5000 kwa sekunde, ujue kuna kashe (hifadhi ya muda) katikati inayojibu "tayari" kabla data haijatua. Kama kashe hiyo haina betri, utaijua vizuri siku umeme utakapokatika.

Kisha endesha pgbench, programu ya PostgreSQL ya kupima kasi ya hifadhidata nzima. Kwa -s unachagua ukubwa wa data: -s 100 hutoa safu milioni 10, karibu GB 1.5, zinazoenea zote kwenye RAM ya seva nyingi. Ongeza mpaka data iizidi RAM. Na jaribio la sekunde 30 halikuambii kitu: checkpoint ya kawaida, yaani PostgreSQL kuandika data iliyobadilika kutoka RAM hadi diski, huja kila dakika 5, na hapo ndipo kasi huporomoka. Mimi huiachia dakika 20, nikanywa chai.