SOMO: Kwenda Ziwa Jilore kutoka Malindi bila kuzamisha gari

Kila shule zikifungwa maswali ni yaleyale: Jilore kunaendwaje, Probox inafika, watoto wataogelea? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo naandika yote hapa mara moja. Soma mpaka chini kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1: Angalia mto, usiangalie mawingu. Jilore haijazwi na mvua ya Malindi peke yake. Inalishwa na mto Sabaki, na Sabaki ndio mwisho wa mito ya Athi na Galana. Mvua ikipiga bara, maji yanatufikia siku kadhaa baadaye hata kama Ganda kumekauka kau. Wakati wa kaskazi tazama bahari: ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, mto umejaa, ahirisha safari. Wakati wa kusi alama hiyo itakudanganya, kwa sababu mkondo huyasukuma matope kaskazini, mbali na mji. Hapo pita daraja la Sabaki, njia ya Lamu, ujionee maji kwa macho. Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari, kisha Julai hadi Septemba. Masika usiende.

Hatua ya 2: Toka Malindi saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya 3: Shika barabara ya Tsavo, ile ya kwenda lango la Sala. Pita Ganda, pita Kakuyuni, halafu uliza Jilore. Ni kilomita ishirini na ushei tu.

Hatua ya 4: Vya kubeba. Maji lita tatu kwa kila mtu, kwenye dumu au chupa ya kudumu. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, na huenda ukapitia msitu wa Arabuko-Sokoke kabla hujarudi nyumbani (hatua ya 7). Viatu vya kufunika mguu, si ndara. Nguo za kahawia au kijani kibichi kilichofifia; buluu na nyeusi ziache nyumbani, kwani mbung'o wa Arabuko-Sokoke huzifuata. Kwa gari: sepetu, vipande viwili vya mbao ngumu vya futi tatu, kamba nene ya kuvutia, kipimo cha upepo wa tairi na pampu.

Hatua ya 5: Mahali pa kusimamisha gari. Hapa ndipo mimi nilipokosea, na ndipo wengi wanapokosea, kwa hivyo soma polepole.

Yale matope ya Sabaki yanayochafua bahari yetu ndiyo hayohayo yanayotuama Jilore. Ziwa ni la kina kifupi, na maji yakirudi nyuma yanaacha uwanja mpana, mweupe, uliopasukapasuka, unaoonekana mgumu kama sakafu. Si sakafu. Ni ukoko. Jua limekausha juu tu, na chini kuna uji. Gari linaingia vizuri mita thelathini za kwanza, dereva anapata moyo, kisha magurudumu ya mbele yanatoboa na gari linakaa kwa tumbo.

Kanuni ni moja: majani ya kudumu yakiisha, na gari liishie hapo. Ukitaka uhakika, shuka utembee. Ichome ardhi kwa fimbo kwa mkono mmoja. Ikizama zaidi ya shubiri, rudi. Kanyaga kwa kisigino kwa nguvu. Alama ikilowa maji, rudi. Tazama nyayo za ng'ombe: kwato zikiwa zimezama kina cha vidole vinne, gari lako litazama zaidi. Ukichungulia ndani ya ufa ukaona udongo mweusi wenye unyevu, usijaribu hata hatua moja ya gurudumu.

Ukishanasa, ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Gurudumu linalozunguka bure linachimba kaburi lake. Shusha watu wote na mizigo. Punguza upepo wa tairi hadi paundi 18, ili tairi litandazike na likanyage eneo kubwa. Fukua mbele na nyuma ya magurudumu mpaka tumbo la gari liachane na ardhi. Jeki iweke juu ya ubao, la sivyo itazama yenyewe gari libaki palepale. Laza mbao chini ya magurudumu yanayovuta, kisha toka kinyumenyume kwa njia uliyoingilia, kwa sababu hiyo unaijua na ya mbele huijui. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chini ya gari, KAMWE si kwenye bampa. Na watu wasisimame karibu kamba ikiwa imekaza: ikikatika inapiga kama mjeledi. Ukitoka, jaza upepo kabla ya kurudi lami.

Hatua ya 6: Ukingoni. Usifike majini kabla ya saa moja asubuhi. Viboko hula nyasi usiku na kurudi ziwani alfajiri, na anayeumizwa aghalabu ni yule aliyesimama kati ya kiboko na maji. Ukiona njia pana kwenye nyasi, yenye mifereji miwili sambamba, hiyo ni yao. Usikae juu yake. Kwa ajili ya mamba, kaa hatua kumi kutoka majini, usinawe mikono ziwani, usilete mbwa. Kuogelea hapana. Kutia miguu pia hapana. Maji matamu yaliyotuama na kuota majani yana konokono wa kichocho.

Ziwa liko nje ya mpaka wa msitu na watu wanaishi hapo. Piga hodi, salimia wazee, tafuta kijana wa kukuongoza na kubalianeni bei kabla hamjaanza kutembea.

Hatua ya 7: Msitu, kama muda unabaki. Kituo cha msitu cha Gede kiko barabara ya Mombasa, mbele kidogo ya njiapanda ya Watamu, mkono wa kulia ukitoka Malindi. Lipa, chukua mwongozaji, muulize kama mabwawa ya ndani yana maji sasa. Ndovu wamo, na kwenye kichaka kizito unaweza usiwaone mpaka muwe karibu mno. Ukikuta kinyesi kibichi au tawi lililovunjwa utomvu ukiwa bado unatoka, rudi ulikotoka kimyakimya.

---

Maswali ya wasomaji (mimi mwandishi ndiye Mkaa Ganda):

Kijana wa Maweni: Kwani tunaweza kuogelea? Na ni pesa ngapi?

Mkaa Ganda: Hatua ya 6. Bei ya msitu hubadilika, uliza kituo cha Gede.

Probox Yetu: Bwana unatisha watu bure. Mimi nimeingia na gari mpaka majini mara tatu na sijawahi kunasa.

Mkaa Ganda: Mwezi gani? Na mto ulikuwaje wiki mbili kabla? Baada ya ukame mrefu ukoko unaweza kuwa mnene ukabeba gari. Mafuriko yakipita juu yake unalainika wote, na kwa macho unafanana na wa mwaka jana. Kutonasa mara tatu hakukuambii chini kuna nini leo. Fimbo itakuambia.

Probox Yetu: Ilikuwa Machi, ndugu yangu. Kweli kulikuwa kukavu mno.

Mkaa Ganda: Basi ndiyo sababu.

Mama Salma: Shikamoo. Mwanangu wa miaka saba alitia miguu hapo mwezi jana kabla sijasoma haya. Nifanye nini?

Mkaa Ganda: Marahaba mama, na umefanya vizuri kuuliza. Usiwe na hofu, lakini usinyamaze. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono hasa jua likiwa kali, na huingia kwenye ngozi kwa dakika chache. Mpeleke zahanati akapimwe mkojo na choo wiki sita hadi nane baada ya siku ile. Mapema mno kipimo huweza kukosa. Mweleze daktari wazi kwamba aliingia ziwani. Kichocho cha pwani yetu ni kile cha kibofu, kwa hivyo akikojoa damu hata tone, au akilalamika kwamba mkojo unamuuma, nenda siku hiyohiyo. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli, nayo hupimwa kwa uzito wa mtoto. Siku nyingine mtu akilowa kwa bahati mbaya, mkausheni mara moja kwa taulo, mkisugua kwa nguvu. Inasaidia, ila si kinga kamili.

Mama Salma: Allah akulipe kheri. Na maji ya kunawa vyombo huko?

Mkaa Ganda: Bebeni yenu kutoka nyumbani. Yakikuisheni, chemsha yachemke dakika nzima.

Mwana wa Langoni: Salaam aleikum. Sisi tuko Lamu. Ziwa Kenyatta la Mpeketoni mambo ni haya haya? Ndiya ni lami yeo, twataka kwenda na watoto.

Mkaa Ganda: Waaleikum salaam. Viboko wapo, kichocho kichukulie kuwa kipo, na ukame ukizidi maji hurudi nyuma sana na kuacha tope kama la Jilore. Kwa hivyo hatua ya 5 na ya 6 hazibadiliki. Mkishavuka Mokowe, ulizeni hali ya usalama kituo cha polisi kabla ya kuendelea, na mrudi mchana. Msitu wa Boni uacheni.

Kijana wa Maweni: Sasa mbona watoto wa pale wanaogelea?

Mkaa Ganda: Na kichocho wanakipata.

Mpenda Ndege: Nina darubini ya 8x42. Nisimame wapi, na nitegemee ndege gani?

Mkaa Ganda: Swali zuri. Asubuhi kaa upande wa mashariki wa ziwa ili jua liwe mgongoni. Ukikaa magharibi utaona vivuli vyeusi tu. Usivae shati jeupe, linaonekana mbali. Furukombe mtafute kwenye miti mirefu, huita kabla hujamwona. Korongo na bata wako kwenye kina kifupi. Kuanzia Oktoba hadi Machi kuna wageni kutoka Ulaya na Asia, wale wadogo wa ukingoni, usiwakimbilie. Keti dakika ishirini bila kutikisika, watakuja wenyewe.

Mpenda Ndege: Na yule bundi mdogo wa Sokoke?

Mkaa Ganda: Huyo si wa ziwani. Anakaa kwenye kichaka kizito cha udongo mwekundu, na mchana hulala kwenye tawi la chini, rangi yake kama jani kavu. Waongozaji wa Gede wanayajua matawi yake. Mwombe mwongozaji siku moja kabla ili aende kumtafuta mapema, na ukionyeshwa usipige picha kwa mwanga wa kamera.

Probox Yetu: Zile mbao za futi tatu, za mti gani?

Mkaa Ganda: Yoyote ngumu, unene wa inchi mbili. Mafundi wa majahazi hubakiwa na vipande vya mbamba kofi, na hivyo havipasuki. Chanja mistari juu yake kwa msumeno, kila inchi mbili, ili tairi lipate pa kushika.